Kanuni ya Nne na Siku ya Tisa

2 Oktoba

Mimi ndiye Mizani. Ninaliandika hili mwanzoni kabisa, nisije nikafa katikati ya utangulizi. Maelfu ya watu wa milima hii ya kahawa wananijua kwa jina hilo, wengi wananichukia, na anayenichukia kuliko wote ni dada yangu Rosalba. Yeye ndiye anayenipikia na kunivua soksi, na hajui.

“Muulize Jirani” ni jukwaa la maswali mtandaoni. Mtu anauliza kwa nini kuku wake wanakula mayai yao wenyewe, majirani wanajibu, na jibu lililopendwa hupigiwa kura likapanda juu. Miaka sita sasa mimi ni msimamizi, pamoja na binti mmoja wa Bogotá aitwaye Yaneth, ambaye sijapata kumwona. Kazi yetu ni kufuta. Nilifundisha kemia katika sekondari ya Alto Bonito hadi nilipostaafu, kwa hiyo kusoma upuuzi na kuupiga mstari mwekundu si kazi ngeni kwangu. Kanuni ya nne ya jukwaa niliitunga mwenyewe: Jibu lijibu swali.

Moyo wangu umechoka kusukuma, na miguu imejaa maji. Jana daktari alimwambia Rosalba mlangoni, akidhani masikio yangu nayo yamekwisha, “Desemba ni mbali, doña Rosalba.”

Sina hofu. Nimetoka kwenye kaboni na maji, nitarudi huko huko.

3 Oktoba

Mvua. Maharage bila chumvi, amri ya daktari.

6 Oktoba

Leo mezani.

“Amenifuta tena yule mshenzi.”

“Nani?” nikauliza, nikipuliza supu.

“Mizani! Nani mwingine? Mtu ameuliza dawa ya kutu ya kahawa, nikamwekea sala ya Mtakatifu Yuda Tadei. Kafuta kabla sijavaa miwani niisome tena.”

“Labda hakuuliza sala, Rosa.”

“Kutu imeshamla nusu shamba, Ancízar! Unataka aombewe lini, ikishamaliza?” Akanigeuzia arepa, mkate wa mahindi, kwenye sahani kana kwamba nayo ina makosa. “Nakwambia, mtu huyo hana mama. Na kama anaye, basi hata mezani anakula kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye simu.”

Nikaiingiza simu chini ya kitambaa.

Haya yote ni kwa sababu ya tangazo la novena, sala ya siku tisa. Watu wa hapa wanalifahamu. Unasali Salamu Maria tisa kwa siku tisa, unaomba mambo matatu, moja la biashara na mawili yasiyowezekana, na siku ya tisa unatangaza hadharani. Ukifanya hivyo yatatimia, “hata kama huna imani.” Ukikosa siku moja, au usipotangaza, unaanza upya. Zamani matangazo hayo yalijaza ukurasa wa nyuma wa gazeti la mkoa, kati ya ng’ombe wanaouzwa na mashine za kushonea. Gazeti lilipokufa, watakatifu wote wakahamia kwangu.

“Kesho naanza novena nyingine,” akasema.

“Unaomba nini?”

“Haisemwi. Ukiisema inachacha, kama maziwa.” Kisha akanitazama miguu. “Mama alikaa hai hadi Juni kwa sababu alikuwa katikati ya novena. Mara mbili tulimpotezea hesabu kwa kelele zetu, akaanza upya. Mtu hafi katikati ya novena. Si adabu.”

Nikamwambia kwamba mama alikaa hadi Juni kwa sababu ya penisilini.

9 Oktoba

Jirani yetu Jesús María, ambaye sote tunamwita Chucho, ameuliza jukwaani: mvua haikomi, kahawa aliyoiosha inaota ukungu kwenye kichanja, afanye nini? Nilimjibu kwa aya nne, pamoja na jedwali la unyevu. Rosalba, kwa jina lake la Waridi la Alfajiri, akajibu: “Choma visu viwili ardhini, makali juu, piga Salamu Maria tatu, na usivitazame.”

Hadi mchana mimi nilikuwa na kura mbili, moja yangu mwenyewe. Visu vilikuwa na mia moja na kumi na mbili.

Nikafuta visu. Kanuni ya nne.

Saa tisa jua likatoka. Chucho akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ua: “Mwalimu! Umeona? Visu!”

“Ni mkandamizo wa hewa, Chucho!”

“Hata huo, Mwalimu! Hata huo umeogopa visu!”

15 Oktoba

Siku ya tisa. Tangazo lake liliingia chini ya swali la mtu anayetaka kujua bei ya mabati. Lilikaa muda wa arepa kuiva upande mmoja, nikalifuta. Rosalba akaitazama simu, akaiweka chini, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

“Kesho siku ya kwanza,” akaiambia sufuria.

16 Oktoba

Mvua.

19 Oktoba

Nimechoka kufuta kwa kidole. Leo nimetega chujio: ujumbe wowote wenye neno la dini unajifuta wenyewe. Nimeandika Mungu, Bikira, mtakatifu, amina, baraka, Jesús, yaani Yesu, na mengine thelathini. Nililala mchana kama mtoto.

21 Oktoba

Jukwaa ni kaburi.

Nilisahau ninaishi na watu gani. Huku hakuna anayeweza kuuliza swali bila kusema “Mungu akipenda,” wala kushukuru bila “Mungu akulipe.” Maswali mia tatu yamejifuta kwa siku mbili. Kijiji kizima cha San Isidro kimetoweka, kwa kuwa “San” ni mtakatifu na kila mtu anataja anakotoka. Chucho ameuliza mara saba kuhusu ng’ombe wake anayekohoa, na mara saba amefutwa, kwa sababu jina lake ni Jesús. Alikuja mlangoni na kofia inayotiririka maji.

“Mwalimu, wewe umesoma. Nimemkosea nini huyu Mizani? Nimeandika bila matusi. Hata koma nimeweka.”

“Jaribu kuandika Chucho,” nikamshauri.

“Nijifiche jina nililobatizwa? Kwa sababu ya ng’ombe?”

Niliandika jibu kuhusu ng’ombe wake, jibu zuri, nikalituma. Likajifuta. Nilikuwa nimeanza na “Mungu wangu, kikohozi cha namna hiyo…”

Yaneth akaniandikia kutoka Bogotá: “Don Mizani, chujio lako limekufuta wewe. Niliondoe?”

Nikamwambia aliondoe.

24 Oktoba

Siku ya tisa, mara ya pili. Aliingiza tangazo ndani ya jibu refu la jinsi ya kupika maharage, akidhani sitafika mwisho. Nilifika. Safari hii nimemfungia akaunti kwa siku thelathini.

Yaneth: “Thelathini? Kwa bibi wa sala? Jana yule muuza dawa za nguvu za kiume ulimpa tatu.”

Nikaiweka simu mfukoni.

Baada ya chakula Rosalba akaja na simu yake, ameifuta skrini kwa aproni.

“Kaka, wewe unaelewa mambo haya. Yule mnyama amenifungia. Nifungulie akaunti nyingine.”

Nikamfungulia. Nilimtafutia hata picha ya waridi. Akanibusu kichwani na kuniongezea supu, na supu ile sikuimaliza.

28 Oktoba

Padre Ubaldo amekuja kunitazama. Rosalba alipoenda jikoni nilimuuliza anaonaje sala hizi za mtandaoni. Akatazama mlango kwanza.

“Doña Rosalba hunitumia arobaini kwa siku, don Ancízar. Nimeizima sauti simu yangu. Usimwambie.”

“Basi si dhambi kuzifuta?”

“Mimi nimesema nimezima sauti,” akajibu. “Sikusema nimefuta. Naogopa.”

2 Novemba

Hospitali.

Alhamisi pumzi ilikatika nikiwa nafunga vifungo vya shati. Chucho alinileta kwa jipu lake, limejaa magunia ya kahawa, nami nimeegemezwa kama gunia moja zaidi. Rosalba alikaa nyuma akiniinua kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akihesabu Salamu Maria kwenye vidole. Katika kila kona alipoteza hesabu, akawa anaanza ya siku ile upya. Chucho akamwambia, “Doña Rosalba, yeye anakufa na wewe unahesabu?” Naye: “Ninahesabu ndiyo maana hafi. Tazama njia!”

Leo ilikuwa siku ya tisa, mara ya tatu. Aliituma akiwa amesimama dirishani. Kisha akaketi kunimenyea chungwa. Nami nilikuwa na simu chini ya shuka, na mrija puani.

Naandika nilichofanya. Niliona tangazo lake, chini yake kura sitini na zinaongezeka, nikalifuta. Mkono haukutetemeka. Ndio mkono ambao asubuhi ulishindwa kushika kijiko.

Alipoangalia tena simu, uso wake ulishuka taratibu, kama pazia lililokatika ndoano moja baada ya nyingine. Alinilisha chungwa, kipande kwa kipande. Lilipokwisha akasema:

“Basi. Mara tatu. Sina nguvu ya kuanza tena. Na kwa kuwa imekufa, naweza kukwambia. La biashara lilikuwa parachichi zangu zinunuliwe kabla hazijaoza.”

“Na yale mawili?”

“La kwanza, wewe ufike Usiku wa Mishumaa. Tarehe saba Desemba, sikuomba makubwa.” Akakunja maganda ya chungwa kwenye leso. “La pili, huyo Mizani aharishe. Aharishe mpaka aombe msamaha.”

Nilicheka hadi mashine ikalia na nesi akaja mbio. Rosalba alidhani ninakufa akaanza kulia. Nami sikuweza kumweleza kwamba alimwomba mtakatifu amtunze na amharishe mtu yule yule.

4 Novemba

Wamenibadilishia dawa. Nimeshinda chooni kutwa.

5 Novemba

Choo.

6 Novemba

Ni dawa. Hayo yanajulikana, yameandikwa hata kwenye kikaratasi cha ndani ya pakiti. Hata hivyo, saa kumi alasiri, nikiwa nimeshikilia ukuta, nilisema “samahani” kwa sauti. Hapakuwa na mtu. Saa kumi na moja ikakoma.

10 Novemba

Nyumbani. Mfanyabiashara wa mjini Pereira amenunua parachichi zote.

14 Novemba

Rosalba hasemi kitu mezani. Hamtukani Mizani. Simu yake iko juu ya friji, chini ya kofia ya marehemu mumewe. Tunasikiliza mvua na tunatafuna.

Jukwaa ni safi. Kila jibu linajibu swali. Linachosha mno.

17 Novemba

Nimemwandikia, kama Mizani: “Mtumiaji mheshimiwa, akaunti yako ya kwanza imefunguliwa. Karibu tena.” Nikamwomba aichukue simu anisomee habari. Akaona ujumbe.

“Mtego,” akasema, akairudisha chini ya kofia.

20 Novemba

Nimegundua kwamba Desemba ninaitaka. Sikuitaka mwezi wa kumi, au nilijisingizia. Ninataka kuona watoto wa Chucho wakimwaga nta kwenye ngazi zetu, na Rosalba akiwagombeza huku anawapa maandazi ya jibini. Kaboni na maji vinaweza kungoja.

Kwa hiyo leo, alipokuwa ananivua soksi, nilisema.

“Rosa. Mizani ni mimi.”

“Tulia, nitakukwaruza.”

“Ni mimi. Miaka sita.”

“Wewe?” Akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. “Wewe huwezi hata kufungua kopo la vidonge vyako. Mizani ni kijana. Ana chunusi. Mimi namjua kabisa.”

Nikampa simu. Alitafuta miwani, akasoma, akapandisha ukurasa, akasoma tena. Yote niliyomfutia yalikuwa pale: visu, maharage, tangazo la hospitali. Soksi moja ilikuwa bado mkononi mwake.

“Hili nilituma pale dirishani,” akasema. “Nilikumenyea chungwa.”

“Ndiyo.”

“Lilikuwa tamu?”

“Tamu.”

“Kwa nini, Ancízar? Na usinitajie kanuni ya nne, nitakupiga na hii soksi.”

Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu akili na ushirikina. Kilichotoka kilikuwa: “Ulipata kura mia moja na kumi na mbili. Mimi nilipata mbili.”

“Moja yako?”

“Moja yangu.”

Akaenda jikoni. Nilisikia visu vikihamishwa kwenye droo na nikafikiria mambo mengi. Akarudi na sahani ya maharage, akaiweka mbele yangu.

“Kula, Mizani.”

Aliyatia chumvi. Sijui kama alitaka kuniua au kunisamehe, lakini nilikula yote na kukomba sahani.

21 Novemba

Asubuhi akaingia bila kugonga, nywele bado zimesukwa za kulalia.

“Kule hospitalini. Ulihara.”

“Nilihara.”

“Siku ngapi?”

“Tatu.”

“Na uliomba msamaha?”

Nikageukia ukutani. “Niliomba.”

Akajipiga ishara ya msalaba, akaketi kitandani kwangu. “Na parachichi zimenunuliwa. Mawili yametimia bila tangazo. Ancízar, mtakatifu ametanguliza. Hili ni jambo la hatari. Tangazo lazima litoke, la sivyo atakuja kudai, na unajua alichobakiza ni nini.”

“Basi tangaza. Sitafuta.”

“Mimi niliishatangaza mara tatu. Aliyevunja ndiye anayeanza.”

“Rosa, mimi siamini.”

Alikuwa amekuja na novena yenyewe, imekatwa gazetini, ya njano, ya mama. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Hata kama huna imani.

Nimebishana na wakaguzi wa elimu, na askofu mmoja, na kamati ya maji. Mstari huu sikupata pa kuushika.

28 Novemba

Nimekataa wiki nzima. Leo miguu imevimba tena hadi magotini. Nimemwambia nitaanza kesho, kwa ajili yake tu, na kwamba nitatikisa midomo, basi.

“Tikisa,” akasema. “Yeye huko juu anasoma midomo.”

29 Novemba

Siku ya kwanza.

3 Desemba

Siku ya tano. Mvua imepungua. Chucho ameleta mishumaa pakiti mbili. Ng’ombe amepona. Ananiambia alimpa kitunguu maji, kama alivyoelekeza Mizani, “maana yule mnyama naye kuna siku anafaa.”

5 Desemba

Ya saba. Pumzi fupi. Rosalba ananihesabia vidole nisikosee.

7 Desemba

Nimefika.

Jua lilipozama walinitoa na kiti hadi barazani. Kilima chote kilikuwa kinawaka, nyumba kwa nyumba, hadi chini mtoni. Watoto walimwaga nta kwenye ngazi. Rosalba aliwagombeza na kuwajaza maandazi. Chucho aliwasha mshumaa miguuni pangu, akasema, “Huu wa Mizani, Mwalimu, ili Mungu amlainishe,” na Rosalba ikambidi aingie ndani kucheka kwenye aproni.

Kisha nikatangaza. Kwa jina langu la Mizani, mbele ya watu wote, chini ya swali kuhusu mbolea ya kuku: “Namshukuru Mtakatifu Yuda Tadei kwa fadhila nilizopata. Salamu Maria tisa, siku tisa, hata kama huna imani.”

Kura zikaanza. Arobaini. Tisini. Mia moja na kumi na tatu. Rosalba alizisoma kwa sauti kwenye simu yake, kama anayetangaza mpira.

Halafu likafutwa. “Kanuni ya nne,” Yaneth alikuwa ameandika. “Jibu lijibu swali. Samahani, don Mizani, mtumiaji ameripoti.”

Mshumaa wa Chucho ulitoa mlio mdogo.

“Nani huyo?” Rosalba akafoka. “Nani ana roho mbaya kiasi hicho, usiku huu?”

“Sijui,” nikasema.

“Basi, kesho unaanza upya.” Akanifunika shali magotini na kulibana vizuri kila upande. “Siku ya kwanza. Na usiniambie umechoka.”

8 Desemba

Siku ya kwanza. Salamu Maria tisa. Sikutikisa midomo tu. Nilizitamka.

Ninaandika polepole, kalamu nzito. Zimebaki siku nane, na mtu hafi katikati ya novena. Zikiisha nitatangaza tena, na Yaneth atalifuta tena; ni binti mwenye msimamo, nilimfundisha mwenyewe. Rosalba ameshinda jikoni tangu asubuhi akimlaani mtumiaji yule aliyeripoti: hana mama, ana chunusi, na aharishe.

Mtumiaji yule ni mimi.